Jaribio la nne: ujasiri, woga na lawama kwenye NFL

Tarehe 10 Desemba 1995, Philadelphia. Ni mechi ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Dallas Cowboys na wenyeji wao Eagles wako sare ya 17-17, na zimebaki dakika mbili na ushei. Cowboys wana mpira kwenye yadi ya 29 ya upande wao. Ni jaribio lao la nne, la mwisho, wamepungukiwa na kitu kisichofika hata yadi moja, na upepo unawapiga usoni. Kila kocha wa wakati ule angeubutua mpira mbali na kuwaachia walinzi wake kazi. Barry Switzer, kocha wa Cowboys, akakataa. Akaagiza mpira apewe mkimbiaji wake, Emmitt Smith, aukumbatie na kupenya katikati ya miili.

Smith akazuiwa. Lakini kabla mpira haujaanza kuchezwa, waamuzi walikuwa wameshasimamisha saa kwa ajili ya dakika mbili za mwisho, kwa hiyo shambulizi lile likafutwa. Switzer akapata bahati ambayo makocha hawaipati: kuona jibu la mtihani kisha kuruhusiwa kuuandika upya. Akaita mpango uleule, kwa mtu yuleule. Smith akazuiwa tena. Eagles wakachukua mpira palepale, wakapiga teke la pointi 3 na kushinda 20-17.

Switzer alichekwa nchi nzima. Sasa tazama upande wa pili. Msimu huo Emmitt Smith alikimbia yadi 1,773 na kufunga tachidauni 25 kwa kukimbia, rekodi ya wakati ule. Ukihitaji yadi moja na mkimbiaji wako ndiye huyo, kumpa mpira ni jambo la busara. Kubutua dhidi ya upepo kungewapa Eagles mpira si mbali sana na katikati ya uwanja, huku wakiwa na dakika mbili za kutafuta pointi zilezile 3. Mimi naamini Switzer alikuwa sahihi mara zote mbili, na alishindwa mara zote mbili. Mtu akishaweza kuyakubali mambo hayo mawili kwa pamoja, ugomvi mzima wa makocha wajasiri na makocha waangalifu unaanza kueleweka.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, kanuni muhimu ni moja. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizipata, inaanza kuhesabu upya, mpaka ifike eneo la mwisho na kupata tachidauni, ambayo ni pointi 6 pamoja na teke la nyongeza la pointi 1. Isipozipata, wapinzani wanachukua mpira pale ulipoishia. Ndiyo maana majaribio matatu ya kwanza hayana ubishi mkubwa, ila la nne ni njia panda. Kocha ana mambo matatu ya kuchagua. Anaweza kubutua, yaani kuutoa mpira kwa wapinzani kwa hiari yake lakini mbali, kwa kawaida yadi 40 hivi kutoka aliposimama. Kama yuko karibu na milingoti, anaweza kupiga teke la pointi 3. Au anaweza kushambulia tena, na akikosa, wapinzani wanaanzia hapohapo.

Kwa miaka mingi chaguo hilo la tatu lilihesabiwa kuwa la mtu aliyekata tamaa. Ulishambulia kwenye jaribio la nne kama umefungwa na saa inakuishia. Vinginevyo, kubutua kuliitwa kucheza salama. Shabiki wa soka wa Dar es Salaam au Mombasa anaijua hali hii kwa jina lingine, kupaki basi. Tofauti ni kwamba anayepaki basi kwenye soka bado anaweza kunyang'anya mpira dakika yoyote. Kwenye futiboli ya Kimarekani, anayebutua ameshautoa mpira mkononi, na mpira ndiyo mali adimu kuliko zote katika mchezo huu. Timu hupata zamu kumi au kumi na mbili tu za kushambulia katika mechi. Kila zamu unayoitoa ni sehemu ya kumi ya utajiri wako wote.

Tuchukue hesabu ndogo, inayofanyika hata kwa vidole. Uko yadi mbili kutoka eneo la mwisho na ni jaribio la nne. Teke la karibu hivyo halikosekani, kwa hiyo pointi 3 ni kama ziko mfukoni. Mara kumi za hali hiyo, ukipiga teke, zinakupa pointi 30. Ukishambulia na kufanikiwa mara tano kati ya hizo kumi, unapata tachidauni tano, pointi 35. Hata ukifanikiwa mara nne tu, 28, umepungukiwa kidogo sana. Na hapo hatujahesabu kitu ambacho wengi hukisahau. Ukipiga teke ukapata pointi, unalazimika kuwaanzishia wapinzani mpira, nao wataanza kwenye yadi ya 30 hivi ya upande wao. Ukishambulia ukakosa, wao wanaanzia yadi ya pili, migongo yao ikigusa ukuta, na yadi 98 mbele yao. Kukosa kwenyewe kunakuachia faida.

Hesabu za namna hii si uzushi wa kompyuta za juzi. Mwaka 1971, Virgil Carter, aliyekuwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa Cincinnati Bengals, alichapisha utafiti pamoja na Robert Machol, msomi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wakikadiria kila sehemu ya uwanja ina thamani ya pointi ngapi kwa timu yenye mpira. Waligundua kwamba kuwa na mpira karibu kabisa na eneo lako mwenyewe ni hasara: kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba wapinzani ndio watakaofunga kabla yako. Hebu fikiria, mchezaji wa ligi yenyewe, akiwa bado anapigwa kila Jumapili, anawaletea makocha ramani ya uwanja. Ramani ikakaa kabatini miaka thelathini.

Aliyeitoa kabatini kwa kishindo ni mwanauchumi, David Romer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala iliyochapishwa rasmi mwaka 2006. Alichukua mechi za misimu mitatu, 1998 hadi 2000, akatazama robo ya kwanza tu, kwa sababu mwanzoni mwa mechi matokeo na saa havijaanza kumsukuma kocha upande wowote. Kisha akakutana na tatizo: timu zilikuwa zikishambulia kwenye jaribio la nne mara chache mno kiasi kwamba hakukuwa na takwimu za kutosha. Ikabidi atumie jaribio la tatu badala yake, maana huko nako timu inahitaji yadi zilezile dhidi ya ulinzi uleule. Alichokuta ni kwamba pale ambapo hesabu ilisema shambulia, timu zilipiga teke karibu mara tisa katika kila kumi.

Mara tisa katika kumi! Na hawa si watu wavivu. Makocha wa NFL hulala ofisini, hutazama video mpaka alfajiri, hujua mlinzi wa pembeni wa timu pinzani anaweka mguu upi mbele. Swali la Romer lilikuwa la kiuchumi: kama watu wanaolipwa mamilioni kwa ajili ya kushinda hawafanyi linaloleta ushindi, basi wanatafuta nini?

Jibu langu ni lawama. Waswahili walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kocha akibutua mpira na wapinzani wakaja kufunga, lawama inawaendea walinzi waliofungwa. Kocha akishambulia na kukosa, hakuna mwingine wa kulaumiwa, ni yeye, jina lake, uamuzi wake. Mechi inapotea vilevile, lakini msiba unahamia nyumba nyingine. Na kwa kuwa kila msimu ukiisha makocha kadhaa hufukuzwa, mtu anajifunza haraka kupoteza kwa namna ambayo wengine wote hupoteza. Bila kulitambua hili, utabaki ukiwaita watu waoga bila kuelewa wanachokiogopa.

Hakuna mechi iliyolionyesha hili kama ile ya tarehe 15 Novemba 2009, Indianapolis. New England Patriots walikuwa wakiongoza 34-28 dhidi ya Colts, zimebaki dakika 2 na sekunde 8. Jaribio la nne, wanahitaji yadi mbili, wako kwenye yadi ya 28 ya upande wao. Upande wa pili amekaa Peyton Manning, kwotabeki wa Colts, akisubiri mpira. Kocha Bill Belichick, mtu ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hii, mara tatu, akaamua kushambulia. Kwotabeki wake, Tom Brady, akamrushia Kevin Faulk, Faulk akaudaka, mpira ukamchezacheza mikononi, na alipoudhibiti kikamilifu alikuwa ameshasukumwa nyuma ya mstari waliotakiwa kuufikia. Patriots walikuwa wamemaliza nafasi zao za kusimamisha mchezo, kwa hiyo hawakuweza hata kuomba picha zitazamwe upya. Colts wakachukua mpira, Manning akampa Reggie Wayne tachidauni, 35-34.

Hebu tupime. Tuseme yadi mbili hupatikana mara 60 katika 100, nazo zikipatikana mechi imekwisha. Zisipopatikana, tuseme Manning kutoka karibu hivyo anafunga kidogo zaidi ya nusu ya mara, mara 53 katika 100. Basi Patriots wanashinda zile 60, pamoja na karibu nusu ya zile 40 zilizobaki: takriban 79 katika 100. Wakibutua, Manning anaanza mbali, yadi 70 mbele yake na dakika mbili mkononi. Tuseme anafunga mara 30 katika 100. Patriots wanashinda 70. Unaweza kubishana na kila tarakimu hapo, na ni halali kubishana. Ila ili kubutua kushinde hoja, inabidi uamini kwamba Manning ni hatari sana akiwa karibu na hana madhara akiwa mbali. Belichick alimheshimu Manning kiasi cha kutotaka kumpa mpira popote pale. Huo ulikuwa ni uangalifu wa hali ya juu, ingawa magazeti yaliuita kiburi.

Hapo ndipo maneno yenyewe yanapoanza kutusaliti. "Mjasiri" na "mwangalifu" ni sifa za tabia, ilhali tunachokipima ni maamuzi, moja baada ya jingine. Marty Schottenheimer ndiye jina lililotajwa miaka mingi kama kielelezo cha ukocha wa kujihami: kimbia na mpira, linda, butua, subiri mwenzako akosee. Alishinda mechi 200 za msimu wa kawaida, idadi ambayo makocha wachache mno wameifikia, lakini kwenye mtoano alishinda 5 na kupoteza 13, na watu wakasema woga wake ndio uliomponza. Mwaka 2006 timu yake ya San Diego Chargers ilishinda 14 na kupoteza 2. Januari 2007, kwenye mtoano dhidi ya Patriots, robo ya kwanza, jaribio la nne na yadi 11, Schottenheimer huyohuyo akaacha teke la pointi 3 na kushambulia. Wakakosa. Mechi iliisha 24-21, tofauti ya pointi 3 kamili. Mwezi uliofuata akafukuzwa. Yadi 11 ni nyingi, na mimi siutetei uamuzi ule. Lakini ona jinsi jina alilobandikwa lilivyokuwa halimwenei.

Wala si kweli kwamba hesabu huwa upande wa mshambuliaji siku zote. Saa na matokeo hubadilisha kila kitu. Super Bowl ya Februari 2017 jijini Houston, Atlanta Falcons waliongoza 28-3, wengi wanaikumbuka hiyo. Kinachosahaulika ni dakika moja mahususi. Patriots wamesogea mpaka 28-20, zimebaki dakika nne na kitu, na Falcons wamefika yadi ya 22 ya Patriots baada ya Julio Jones kudaka mpira wa ajabu kando ya mstari. Pointi 3 tu zingefanya 31-20, pengo la mashambulizi mawili. Walichohitaji ni kukimbia na mpira, kula saa, kisha teke. Badala yake wakataka kurusha. Kwotabeki Matt Ryan akaangushwa yadi 12 nyuma, likafuata kosa la kushika lililowarudisha yadi 10 zaidi, na teke likawa halipo tena. Wakabutua. Patriots wakasawazisha na kushinda 34-28 kwenye muda wa nyongeza.

Anayeongoza anataka mechi iwe fupi na yenye matukio machache. Anayefuata, au aliye dhaifu kuliko mpinzani wake, anataka misukosuko, maana mambo yakienda kama kawaida atapoteza tu. Kwa hiyo kitendo kilekile kinaweza kuwa busara kwa timu hii na upumbavu kwa ile, au busara saa moja na upumbavu saa inayofuata.

Mabadiliko makubwa yamekuja katika miaka hii kama kumi. Timu zimeajiri wachambuzi wa takwimu wanaozungumza na kocha mechi ikiendelea, na kwenye matangazo ya televisheni uwezekano wa kushinda huonyeshwa kabla hata kocha hajaamua. Mwaka 2019, Baltimore Ravens ya John Harbaugh ilishinda 14 na kupoteza 2 huku ikishambulia kwenye jaribio la nne kwa namna ambayo ligi haikuizoea. Oktoba mwaka huo wakiwa Seattle, jaribio la nne na yadi mbili, wapiga teke walikuwa tayari wameshaingia uwanjani. Kwotabeki Lamar Jackson akatoka akiwa amekasirika, kocha akamuuliza kama anataka kushambulia, naye akasema anataka. Akarudi, akakimbia mwenyewe, tachidauni. Waliondoka na ushindi wa 30-16.

Lakini faida ya ndani zaidi ya ujasiri huu haionekani kwenye jaribio la nne lenyewe. Inaonekana kwenye la tatu. Kocha anayejua kwamba atabutua lazima apate yadi zote katika jaribio la tatu, kwa hiyo ikiwa ni yadi sita, walinzi wanajua fika kwamba mpira utarushwa na wanamvamia kwotabeki. Kocha aliyekwishaamua kwamba ana majaribio manne anaweza kukimbia, apate nne, abakize mbili. Walinzi hawajui wamtazame nani. Philadelphia Eagles wameifikisha hali hii mwisho wake kwa ule msukumo wao maarufu: Jalen Hurts anachukua mpira, anainama, na wenzake wanamsukuma kwa nyuma mpaka yadi ipatikane. Umewapa Eagles yadi hiyo moja mara nyingi kiasi kwamba mwezi Mei 2025 timu nyingine zilipiga kura ya kuupiga marufuku. Kura 22 ziliunga mkono marufuku, 10 zikapinga, na zilihitajika 24. Msukumo ukanusurika.

Na bado lawama haijafa. Januari 2024, Detroit Lions ya Dan Campbell ilikuwa San Francisco, mechi moja kabla ya Super Bowl, fainali ambayo Lions hawajawahi kuifikia. Waliongoza 24-7 wakati wa mapumziko. Robo ya tatu, 24-10, jaribio la nne na yadi mbili, wako yadi ya 28 ya wapinzani. Campbell aliacha teke la yadi 45 na ushei, akashambulia. Mpira ulimfikia Josh Reynolds mikononi, ukadondoka. Dakika ya saba na nusu kabla ya mwisho, wakiwa nyuma 27-24, akashambulia tena badala ya kusawazisha. Wakakosa tena, wakafungwa 34-31. Baada ya mechi alisema hajutii. Watu wengi waliozungumzia mechi ile walitaja mateke mawili yasiyopigwa; wachache walitaja mpira uliompiga mlinzi wa Lions kwenye kofia na kudundia mikononi mwa Brandon Aiyuk wa San Francisco, yadi 51. Msimu uliofuata, Campbell akiwa yuleyule, Lions walishinda 15 na kupoteza 2.

Nikitakiwa kuchagua uamuzi mmoja wa kumwonyesha mgeni wa mchezo huu, sitachagua ule ambao kila mtu anao kwenye simu yake. Super Bowl ya tarehe 4 Februari 2018 ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Doug Pederson wa Eagles alishambulia kwenye jaribio la nne kabla ya mapumziko, yadi moja kutoka eneo la mwisho, kwa mpango ambao kwotabeki Nick Foles aligeuka kuwa mdakaji. Ulikuwa mzuri kupindukia, na Philadelphia wameujengea sanamu. Lakini hapo Eagles walikuwa wakiongoza 15-12, na wangekosa, New England wangebaki wamebanwa kwenye mstari wao na sekunde chache tu za kipindi.

Ule mwingine ulikuja robo ya nne, zimebaki dakika 5 na sekunde 39. Eagles wako nyuma 33-32. Jaribio la nne na yadi moja, kwenye yadi ya 45 ya upande wao. Brady yuko kwenye benchi, na jioni hiyo ulinzi wa Eagles ulikuwa haujamlazimisha kubutua hata mara moja. Pederson akamwacha Foles uwanjani. Foles akatafuta, akamwona Zach Ertz akikatiza katikati, akampa. Ertz akapata yadi mbili.